Ritani ya KRA kwa mara ya kwanza nikiwa Uingereza: mshahara wa nchi mbili na kodi ya nyumba ya Mombasa

Muuguzi wa Mtongwe (Machi 2025)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Naomba mwongozo wa wenye ujuzi wa mambo ya ushuru wa Kenya, hasa walio nje ya nchi. Tangu 2017 nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Mombasa. Kila mwaka mwajiri alinipa fomu ya P9, yaani taarifa ya mshahara na ushuru niliokatwa, nami niliipeleka kwa kijana wa saiba aliyenijazia ritani, yaani tamko la mapato ya mwaka kwa mamlaka ya ushuru ya Kenya (KRA), na kunichapishia risiti, kwa hiyo sikuwahi kuuangalia mfumo wao wa mtandaoni wa iTax kwa macho yangu mwenyewe. Tarehe 10 Septemba 2024 niliondoka Kenya kuja Uingereza kwa kazi hiyohiyo ya uuguzi, na mshahara wa huku nilianza kuupokea mwisho wa mwezi huo. Mwajiri wa Mombasa amekwisha kunitumia P9 ya miezi niliyomfanyia kazi.

Mbali na mshahara, nina nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Bamburi ambayo nilikuwa nikiishi mwenyewe. Kuanzia Oktoba imepangishwa kupitia kwa ajenti kwa shilingi 28,000 kwa mwezi. Nina pia hisa kidogo katika chama cha akiba na mikopo.

Ninachotaka kujua ni kama nalazimika kuwasilisha ritani ya 2024 ilhali sasa siishi Kenya, na kama nalazimika, mshahara wa Uingereza unaingia au hauingii, maana huku tayari nakatwa ushuru kabla hata sijaushika. Dada mmoja ninayefanya naye kazi ananiambia nijaze ritani ya sufuri na kulala usingizi. Tena nimepanga kurudi nyumbani kwa wiki tatu mwezi wa Desemba mwaka huu kwa harusi ya mdogo wangu, na sijui kama safari hiyo inabadilisha lolote.

Baba Nasra, Doha

Waalaikumu salaam dada. Mimi niko Qatar tangu 2019, na huku hakuna ushuru wa mshahara kabisa. Kila Juni naingia iTax, najaza ritani ya sufuri, napata risiti, na sijawahi kuulizwa neno na mtu. Aliye nje hatozwi ushuru wa Kenya kwa sababu pesa yake haikupatikana Kenya, isipokuwa huyo mpangaji wako wa Bamburi ambaye sina uhakika naye. Cha muhimu ni kutopitisha tarehe 30 Juni, kwa sababu faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 hata kama huna deni.

Mhasibu wa Tudor

Dada Muuguzi, karibu. Nitachukua nafasi kubwa kidogo, kwa sababu swali lako lina miaka miwili ndani yake na kila mwaka una jibu lake.

Nianze na jambo ambalo Baba Nasra amelipita haraka. Kuondoka nchini peke yake hakumtoi mtu katika ushuru wa Kenya. Sheria ya Ushuru wa Mapato humtazama mtu mwaka kwa mwaka, kuanzia Januari hadi Desemba, na kuuliza kama katika mwaka huo alikuwa mkaazi au hakuwa mkaazi. Mtu ni mkaazi ikiwa ana makao ya kudumu Kenya na alikanyaga nchini wakati wowote wa mwaka, hata kwa siku moja. Ikiwa hana makao ya kudumu, ni mkaazi akikaa Kenya siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Na hata asipofikisha siku hizo, bado atahesabiwa mkaazi iwapo alikuwako Kenya katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zake katika miaka hiyo mitatu ukazidi 122 kwa mwaka. Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachosahauliwa, nacho ndicho kitakachokushika wewe.

Mwaka 2024 hauna mjadala. Kuanzia Januari mosi hadi tarehe 10 Septemba ni siku 254, kwa hiyo ulikuwa mkaazi, na sheria yetu haiukati mwaka vipande viwili kwa sababu ya safari. Mkaazi hutozwa ushuru kwa mshahara wa kazi aliyoifanya ndani ya Kenya na nje ya Kenya pia. Maana yake ni kwamba mshahara wako wa Uingereza wa Septemba hadi Desemba 2024 unastahili kuonekana katika ritani pamoja na ule wa P9. Ritani ya sufuri ni tamko kwamba hukuwa na mapato yoyote, na wewe una P9 ambayo takwimu zake mwajiri wako amekwisha kuziwasilisha kwa KRA, kwa hiyo tamko hilo litapingwa na kumbukumbu zao wenyewe kabla hata hujazima kompyuta.

Usishtuke, kwa kuwa ushuru uliolipa Uingereza juu ya mshahara huo unaweza kupunguzwa kutoka katika ushuru wa Kenya. Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuzuia mapato yaleyale yasitozwe mara mbili, na sheria yenyewe ina kifungu kinachomlinda raia aliyefanya kazi nje. Lakini punguzo hilo halizidi ushuru ambao Kenya ingetoza juu ya mapato hayohayo, tena linahesabu ushuru wa mapato pekee. Ule mchango wa bima ya taifa unaokatwa kwenye hati yako ya mshahara huko si ushuru wa mapato, kwa hiyo usiuweke.

Kuna jambo lingine linalowakuta waliohama katikati ya mwaka. Mwaka wa ushuru wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili, na kiasi kisichotozwa ushuru, pauni 12,570 kwa mwaka, huwa kinajikusanya mwezi kwa mwezi tangu tarehe hiyo hata kama hukuwako. Mtu aliyefika Septemba na kupewa msimbo wa kawaida wa ushuru hukuta kwamba miezi yake ya mwanzo imekatwa kidogo sana au haikukatwa kabisa. Hiyo ni habari njema kwa Uingereza, lakini kwa Kenya maana yake ni kwamba una punguzo dogo la kutoa dhidi ya ushuru mkubwa, na salio hilo utalilipa wewe. Toa hati zako za mshahara za Septemba hadi Desemba, uone kila mwezi ulikatwa kiasi gani, kisha ugeuze pauni kuwa shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kenya cha kipindi husika na kuuweka ukurasa wa viwango hivyo pamoja na hati zako.

Sasa kodi ya Bamburi. Ajenti atakuambia kwamba kodi inayozidi shilingi 24,000 kwa mwezi inaingia katika ushuru wa mapato ya nyumba wa kila mwezi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama. Kiwango ambacho sheria inakitaja, hata hivyo, ni shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka wa mapato. Mwaka 2024 ulipokea miezi mitatu tu, yaani shilingi 84,000, ambazo hazifiki huko. Kwa maoni yangu, fedha hizo zinaingia katika ritani yako ya mwaka pamoja na mshahara, na hapo una haki ya kutoa gharama za kweli kama malipo ya ajenti, ukarabati, ushuru wa ardhi wa kaunti na riba ya mkopo wa nyumba ikiwa upo. Mwaka 2025 mambo ni mengine, nami nitayarudia nikishajua mipango yako ya Desemba.

Gawio la chama cha akiba lisikusumbue, kwa maana chama hukata ushuru wa zuio kabla ya kukulipa na jambo huishia hapo. Wajulishe tu utakapoacha kuwa mkaazi, kwa sababu kiwango cha asiye mkaazi ni asilimia 15 badala ya asilimia 5.

Tarehe nazo ziko mbili, na wengi hujua moja. Ritani ni hadi 30 Juni 2025, lakini salio la ushuru lenyewe hutakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili. Anayengoja Juni ili alipe huwa amekwisha kupata faini ya asilimia 5 ya salio pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Mpwani wa Reading

Nimefurahi kuona mhasibu amelieleza la ukaazi kwa utulivu, nami nitaongeza upande wa huku, kwa sababu dada Muuguzi ana mamlaka mbili za kuzijibu.

Kodi ya nyumba ya Bamburi ni mapato ya nje kwa macho ya HMRC, mamlaka ya ushuru ya Uingereza, na mkaazi wa Uingereza kwa kawaida hutakiwa kuyatangaza mapato yake ya dunia nzima. Kwa mwaka wa ushuru unaoisha tarehe 5 Aprili 2025, anayehitaji kuwasilisha taarifa yake mwenyewe hujiandikisha kufikia tarehe 5 Oktoba 2025 na kuiwasilisha kwa mtandao kufikia 31 Januari 2026. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025 kuna utaratibu mpya ambao mtu aliyehamia huku baada ya kuishi nje kwa miaka 10 mfululizo anaweza kuomba mapato yake ya nje yasitozwe katika miaka minne ya mwanzo ya ukaazi wake. Lakini anayeuomba huipoteza ile pauni 12,570 isiyotozwa ushuru kwa mwaka huo, kwa hiyo kwa kodi ya shilingi 28,000 kwa mwezi hesabu inaweza kumgeukia. Mapato ya nyumba yana nafuu yake ya pauni 1,000 kwa mwaka, ambayo kwa wenye kodi ndogo mara nyingi hufaa zaidi.

Kuhusu upande wa Kenya, dada, mkataba una sehemu ambayo mhasibu hakuigusa. Mtu akiwa mkaazi wa nchi zote mbili kwa wakati mmoja, mkataba unaamua yeye ni wa wapi kwa kuangalia kwanza makao yake ya kudumu yako wapi, na yakiwa pande zote mbili, maisha yake na uchumi wake vimeshikamana zaidi na nchi gani. Akiamuliwa kuwa wa Uingereza, mshahara wa kazi aliyoifanya Uingereza hutozwa Uingereza tu. Nyumba, kwa upande wake, hutozwa ushuru na nchi ambayo imejengwa, hata mwenyewe awe wapi. HMRC hutoa cheti cha ukaazi kwa anayekiomba, nacho ndicho kitu cha kwanza ambacho KRA itataka kukiona ukitegemea mkataba. Mimi nilikiomba kabla sijawasilisha ritani yangu, na ningemshauri yeyote afanye hivyo mapema, kwa sababu hutaki kuwa unaingoja barua ikiwa tarehe imebakia wiki moja.

Muuguzi wa Mtongwe

Nawashukuru nyote, na Mungu awazidishie. Kaka mhasibu, nimeelewa kwamba 2024 ni mkaazi na sufuri haifai. Kilichonitia wasiwasi ni maneno yako kwamba kipimo cha tatu kitanishika. Nikija Desemba kwa wiki tatu ndiyo nimekuwa mkaazi wa 2025 mwaka mzima? Nyumba ya Bamburi ina mpangaji, na nitakapokuja nitafikia kwa mama Mtongwe.

Na jambo jingine dogo: nimejaribu kuifungua ile fomu kwa simu, ikakataa kabisa.

Mhasibu wa Tudor

Naam dada, hesabu yake ndiyo hiyo. Mwaka 2023 ulikuwa Kenya siku 365, mwaka 2024 siku 254, na ukija Desemba utakuwa na siku 21 za 2025. Jumla ni 640, na ukigawanya kwa miaka mitatu unapata zaidi ya 213, ambayo iko mbali juu ya 122. Usipokuja kabisa mwaka 2025, kipimo hicho kinaanguka, kwa sababu kinataka uwe umekuwako nchini katika mwaka wenyewe. Mwaka 2026, hata ukija tena kwa wiki tatu, jumla yako itakuwa siku 296 na wastani haufiki 100, kwa hiyo utakuwa umetoka. Nyumba ya Bamburi ikiwa na mpangaji si makao yanayokungoja wewe, na kwa hilo nadhani uko salama, ingawa chumba chako kwa mama mtu wa KRA anaweza kukitazama kwa jicho lingine.

Tofauti ya kuja na kutokuja ina uzito wa fedha, na inapendeza kuiona kabla ya kununua tikiti. Ukiwa mkaazi, kodi ya Bamburi kwa 2025 ni shilingi 336,000 kwa mwaka, kwa hiyo unaingia katika ushuru wa kila mwezi wa asilimia 7.5, yaani shilingi 2,100 kwa mwezi, ukiwasilishwa na kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usipokuwa mkaazi, utaratibu huo hautumiki kwako. Asiye mkaazi hukatwa ushuru wa zuio wa asilimia 30 ya kodi yote, bila kutoa gharama hata ya bomba lililopasuka, na hiyo ni shilingi 8,400 kwa mwezi. Anayelipa kodi ndiye anayepaswa kuukata na kuupeleka KRA, na kwa mpangaji wa nyumba ya kuishi jambo hilo ni mtihani, kwa hiyo likabidhi kwa ajenti wako kwa maandishi.

Ukitazama upande huo peke yake utasema heri niwe mkaazi. Geuza upande wa mshahara. Chukua mfano wa mshahara wa pauni 2,500 kwa mwezi, ambao kwa kiwango cha sasa unapita shilingi 400,000. Uingereza hukata takriban pauni 290 za ushuru wa mapato. Kwa jedwali la Kenya, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazobaki hadi shilingi 500,000 asilimia 30, kwa hiyo ushuru wa shilingi 400,000 unapita 110,000 hata baada ya nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400. Ukiondoa kilicholipwa Uingereza, pengo la kila mwezi ni kubwa kuliko ushuru wote wa nyumba, hata ule wa asilimia 30. Ndiyo maana hoja ya Mpwani wa Reading kuhusu mkataba na cheti cha HMRC ni muhimu mno kwako kwa 2025. Makao yako ya kila siku yako huko, kazi iko huko, na nyumba ya huku imekaliwa na mwingine, kwa hiyo una msingi mzuri wa kusema kwamba kwa mkataba wewe ni wa Uingereza hata ukija harusini. Kwa miezi ya mwisho ya 2024 hoja hiyo inaweza kujengwa pia tangu ulipohama, lakini hapo pana mabishano zaidi, nami nisingependa uijenge bila wakala wa ushuru aliyesajiliwa kuisoma mikataba yako ya kazi na ya nyumba.

Kuhusu fomu, simu haitafaa. Ni faili la Excel lenye makro, yaani programu ndogo, ndani yake, kwa hiyo tumia kompyuta na uruhusu makro kabla ya kuanza kujaza. Lipo pia toleo la ODS kwa wasiotumia Excel. Mshahara unaingia sehemu ya F, na ushuru uliokatwa na mwajiri wa Mombasa unaingia sehemu ya M pamoja na PIN (namba ya ushuru) ya mwajiri, ambayo iko kwenye P9. Ukimaliza, faili hukagua makosa yake lenyewe na kutengeneza faili lililofungwa la zip, na hilo ndilo unalolipandisha iTax. Kabla ya yote hakikisha kwamba barua pepe iliyosajiliwa kwenye PIN yako bado unaifikia. Kama ni ya yule kijana wa saiba, na nimeona nyingi za namna hiyo, anza nayo leo.

Neno la tahadhari: ukijaza P9 ya miezi minane au tisa peke yake, fomu inaweza kukuonyesha kwamba wewe ndiwe unayeidai KRA pesa, kwa sababu viwango vya chini na nafuu ya mwaka mzima vimetandazwa juu ya mshahara wa miezi michache. Usiombe marejesho hayo kabla hujaamua suala la mshahara wa Uingereza.

Baba Nasra, Doha

Kaka mhasibu, maneno yako yameninyima usingizi. Mke wangu na watoto wako Kwale katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, nami huja likizo mwezi mmoja kila mwaka. Unataka kuniambia kwamba mimi ni mkaazi miaka yote hii?

Mhasibu wa Tudor

Baba Nasra, sheria inavyosomeka, mwenye makao ya kudumu Kenya ambaye alikuwa nchini wakati wowote wa mwaka ni mkaazi, na nyumba anayoishi mke wako na watoto ni vigumu kuiita kitu kingine. Na kwa kuwa Qatar haikukati ushuru, huna cha kupunguza upande huu, kwa hiyo hali yako ni nzito kuliko ya dada Muuguzi, wala si jambo la kumalizwa hapa kwa maandishi. Tafuta wakala aliyesajiliwa na KRA kabla ya 30 Juni 2025, kwa sababu hadi siku hiyo kuna msamaha wa faini na riba kwa vipindi vyote hadi 31 Desemba 2023, kwa sharti kwamba ushuru wenyewe wa vipindi hivyo uwe umelipwa kufikia 30 Juni 2025. Ritani zilizokwisha kuwasilishwa zinaweza kurekebishwa ndani ya miaka mitano. Mpelekee wakala pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka, mkataba wako wa kazi na hati za mshahara, na umwombe akupe kwanza hesabu ya mwaka mmoja tu kabla hujakubali lolote juu ya miaka mingine.

Muuguzi wa Mtongwe

Nimeibadilisha barua pepe, na kweli ilikuwa ya saiba. Cheti cha HMRC nimekiomba jana, na ajenti nimemwandikia kuhusu kodi ya tangu Januari. Harusi nitakuja.

Mpwani wa Reading

Basi hifadhi tikiti na kadi za kupandia ndege, za kwenda na za kurudi. Siku hizo utaulizwa wewe, na si mamlaka ya uhamiaji.